Waziri Alipoweka Karatasi Chini

Hapa Mukuyuni mtu akisikia nilistaafu kutoka wizara ya ulinzi, swali lake la kwanza huwa ni kama niliwahi kupiga bunduki. Sikuwahi. Nikimweleza kwamba kazi yangu ilikuwa kuandika majibu ambayo waziri aliyasoma Bungeni, ananitazama kwa huruma kidogo, halafu anarudi kwenye gunia lake la ndengu. Lakini ninyi vijana mlioajiriwa juzi, mnaoketi sasa kwenye meza zile zile, mmeniuliza kazi hii inafanywaje, na sitawanyima. Ila sina habari njema nyingi. Mtanivumilia.

Mbunge huuliza serikali imetumia pesa ngapi kununua magari ya kivita, au kwa nini viatu vya wanajeshi wapya vinapasuka kabla ya gwaride la kuhitimu, au ni nani aliyepewa zabuni ya maharagwe ya kambini. Swali likifika wizarani huzungushwa. Watu wa fedha wanaongeza neno, makao makuu ya jeshi wanaondoa mawili, mwanasheria anaondoa yaliyobaki. Linaporudi mezani kwako ni mifupa mitupu. Kazi yako ni kuifanya mifupa hiyo isimame, isomeke kwa dakika chache, na isiseme uongo. Hilo la uongo wengi hulisahau, kwa sababu hakuna anayelikagua.

Aliyenifundisha ni Bwana Wekesa, mtu mfupi kutoka Bungoma aliyekuwa na sauti ya mwalimu wa kwaya. Hakupenda maneno ya kupamba. Nilipoandika kwamba serikali imefanya juhudi kubwa, aliniita mezani kwake. "Kubwa kama nini?" akaniuliza. "Kama nyumba? Kama ng'ombe?" Akalikata neno lile kwa kalamu nyekundu, na juhudi yenyewe akaikata pia. Siku nyingine nilijificha nyuma ya sababu za usalama wa taifa kwenye swali la bei ya blanketi. Alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia nikiuficha ukweli wa blanketi, siku nitakayotaka kuficha jambo la kweli la vita hakuna mbunge atakayeniamini, na atakuwa na haki.

Alichonionya zaidi ya yote ni swali la nyongeza. Jibu la kwanza liko kwenye karatasi, waziri anasoma tu. Lakini akimaliza, mbunge anainuka tena na kuuliza jingine ambalo hakuna aliyelipeleka wizarani. "Jibu la karatasi ni mlango," Bwana Wekesa alikuwa akisema, "na swali la nyongeza ni dirisha. Mwizi hapiti mlangoni." Kwa hiyo tuliandaa majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa, tukayabana nyuma ya faili, na mimi au mwenzangu tukakaa kwenye viti vya maafisa na vikaratasi mkononi. Ukiona waziri anateleza unaandika neno, mhudumu wa Bunge anampelekea.

Mambo yalikwenda mrama hata hivyo. Zamani, mawaziri walipokuwa bado wabunge, mmoja wao aliulizwa ni helikopta ngapi za jeshi zinazoweza kuruka. Majibu yake yalikuwa yamechanganyika, na juu kabisa likawa la mbuzi wa wafugaji waliopotelea ndani ya uwanja wa mazoezi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti nzito, "Mheshimiwa Spika, wote wamerudishwa kwa wenyewe, isipokuwa wawili waliozalia kambini." Nilikuwa nyuma pale, nikaandika kikaratasi haraka. Kabla hakijafika, mbunge aliyeuliza aliinuka akasema ameridhika na jibu. Bwana Wekesa alipoambiwa hakucheka. Alisema hapo ndipo utajua ni wangapi wanaosikiliza mle ndani.

Baadaye sheria ikabadilika, mawaziri wakatoka Bungeni, wakawa wanaitwa tu na kamati. Tukapumua. Kisha, nikikaribia kustaafu, wakaanza kuitwa tena wasimame ukumbini, na wengine wao walikuwa watu wa biashara ambao maisha yao yote hawajawahi kubishiwa. Karatasi za kaboni zilikuwa zimekwisha, kila kitu ni simu. Mimi nilibaki na vikaratasi vyangu vya mkono, na vijana wa ofisi waliniita Posta.

Bwana Wekesa aliniachia neno moja jingine. Kuna mkuu mmoja alikuwa hataki kabisa neno hapana litokee kwenye jibu, eti linaaibisha serikali. Bwana Wekesa akamwambia, "Mkubwa, hapana ni jibu, tena lina huruma. Mtu akiambiwa hapana anakwenda kutafuta njia yake." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka na kazi. Niliyaelewa yalipofika kwa dada yangu.

Dada yangu anaitwa Syombua, ni kifungua mimba kwetu. Sisi ni watu wa Mbumbuni, si mbali sana na hapa, lakini yeye aliolewa mbali, ng'ambo ya Mwingi, ukiiacha barabara ya Garissa na kufuata njia ya vumbi. Kule mto ni mchanga. Maji yamejificha chini, unachimba shimo, unangoja yajikusanye, unateka kwa kibuyu, na punda naye anangoja zamu yake. Syombua aliongoza mwethya ya pale. Kwa wale ambao hamjui, mwethya ni kikundi cha kazi cha Wakamba. Watu wa kijiji wanajiunga, wengi wao akina mama, leo wanalima kwa huyu, kesho wanabeba mawe kwa yule. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kule jangwani hakivunji chochote. Mwethya ya Syombua ilikuwa imeanza kujenga ukuta wa mawe kukata mto, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yakae ndani ya mchanga.

Ukuta ulikuwa umefika kiunoni wakati wanajeshi wa uhandisi walipokuja na tingatinga mbili. Walikuwa wanachimba silanga, bwawa la maji ya mvua, na fedha zake zilitoka kwenye bajeti ya ulinzi, fungu la kusaidia raia. Njia ya pekee ya kufika penye udongo mzuri ilipita kwenye boma la Syombua. Ua wake ulikuwa wa minyaa, ile miti ya utomvu inayooteshwa kwa matawi, mnene, umepandwa na mama mkwe wake enzi hizo. Syombua mwenyewe alishika panga akaukata, akafungua pengo la kupitisha mashine. Aliniambia kwenye simu kwamba wale vijana walimwita mama, na kwamba aliwapikia isyo, mahindi na maharagwe, na hawakubakisha.

Walichimba karibu nusu. Kisha wakaitwa mpakani, wakapakia mashine kwenye malori, wakaenda. Wakaacha shimo lisilo na ukingo wala njia ya kutolea maji yakizidi.

Mbunge wa kule akaleta swali, enzi zile mawaziri walipokuwa bado wabunge. Alitaka kujua ni kiasi gani cha fedha za ulinzi kimetumika kwenye silanga za kaskazini ya Kitui, na ya pale itamalizwa lini. Lilipofika mezani kwangu nilimwambia mkuu wangu kwamba dada yangu anaishi pale, labda apewe mwingine. Akasema, "Basi utaandika vizuri zaidi." Nikazunguka kila ofisi. Nilibisha hodi hata kwa wale wasiopenda kubishiwa hodi. Jibu lilikuwa moja: fungu limekwisha, mashine ziko mpakani, hakuna mpango wa kurudi. Nikaandika hivyo hivyo. Hapana ikakaa kwenye mstari wa pili, mahali ambapo hata msomaji mvivu angeiona.

Waziri wetu wakati ule hakuwa mtu mbaya. Ningependa mwelewe hilo, maana ndilo linalonisumbua. Aliisoma rasimu akakuna shingo. "Hii ni kali," akasema.

"Ni kweli, Bwana Waziri."

"Sijasema si kweli. Nimesema ni kali." Akatia sahihi.

Siku ya kujibu ilipofika, nilipoinua macho kwenye roshani ya wageni nilimwona Syombua. Hakuwa ameniambia. Mwethya nzima ilikuwa imekodi basi, wote wamevaa gauni za kitambaa kimoja cha kijani, vitambaa kichwani, wamekaa wima kama wako kanisani siku ya ubatizo. Syombua hakunipungia mkono. Alikuwa anamtazama waziri.

Waziri akasoma jibu vizuri, kila neno. Nikamwona Syombua akimwinamia jirani yake kumtafsiria, na jirani akatikisa kichwa polepole. Lilikuwa jambo la kuhuzunisha, lakini lilikuwa limekwisha. Wangerudi nyumbani, wangelia siku moja, kisha wangerudi kwenye ukuta wao wa mawe.

Mbunge akainuka na swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, akina mama hawa wamesafiri kutoka Mwingi. Waziri anaweza kuwatazama machoni na kuwaambia kwamba nchi ina pesa ya vifaru na haina ya maji?"

Jibu la hilo nilikuwa nimeliandaa. Lilikuwa nyuma ya faili, limebanwa. Lakini waziri hakufungua faili. Aliinua macho kwenye roshani na akakaa akiwatazama. Kisha akaweka karatasi chini. Vijana, mkimwona waziri anaweka karatasi chini, andikeni haraka. Niliandika, "Usiahidi," nikampa mhudumu. Mhudumu alikuwa mzee, anatembea kwa heshima zote za Bunge.

"Mheshimiwa Spika," waziri akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kusoma, "mama yangu alibeba maji mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso mpaka ikamwachia alama. Tulimzika na alama hiyo. Mimi nawaambia akina mama hawa, tingatinga zitarudi kabla ya mvua."

Bunge likapiga meza. Kule juu akina mama walisahau masharti, wakapiga vigelegele, na askari wa roshani wakaanza kuwanyamazisha wakicheka wao wenyewe. Kikaratasi changu kikamfikia waziri kelele zikiendelea. Alikitazama, akakikunja, akakitia mfukoni.

Kwenye korido aliniita kando. "Ungekuwa wewe ungewaambia nini?"

"Ningewaambia hapana, Bwana Waziri."

"Ukiwatazama vile?"

"Nikiwatazama vile."

Akanipiga bega. "Ndiyo maana wewe hukuwa mwanasiasa." Hakusema kwa ubaya. Wiki ile ile aliniamuru niandikie makao makuu ya jeshi, na mwenyewe akawapigia simu, nikimsikia akibembeleza kama mtu anayeomba mtoto wake apewe nafasi ya shule. Wakamwambia mashine ziko kazini mpakani na watu wanauawa kule. Nao walisema kweli.

Jumamosi nilipanda gari nikaenda Mwingi. Nilitaka kuwahi kabla ahadi ile haijaota mizizi. Nilikuta mwethya imekaa chini ya kivuli cha kanisa, wanapanga ni nani atakayewapikia wanajeshi zamu hii. Nikawaambia waziwazi: msingoje, endeleeni na ukuta wenu, mvua haiko mbali. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakamgeukia Syombua.

"Nzioka," akasema, "wewe ni mwana wa mwaitu, mama yetu ni mmoja, sitakuita mwongo mbele ya watu. Lakini wewe ni karani. Waziri mwenyewe amesema. Si tulimsikia na haya masikio?"

"Jibu la serikali ni lile alilosoma. Mimi ndiye niliyeliandika."

"Uliandika ile karatasi kabla hajatuona. Alipotuona moyo ukabadilika. Hata wewe uliona."

Niliona. Mama mmoja, Nduku, aliyekuwa fundi wa kupanga mawe, akanihurumia. "Hii maneno ya gavamenti inakuchosha, Nzioka. Kaa ule. Na hayo mawe tukiendelea kubeba, hawa wanajeshi wakuje wapate tumejimalizia, si watasema hatuna shida? Watarudisha mashine."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na lilinikata maini kwa sababu lilikuwa na akili. Hawakuacha kazi kwa uvivu. Waliacha ili wasimwaibishe mtu aliyewapa neno lake, na ili shida yao ionekane. Mchungaji akamweka waziri kwenye maombi ya kila Jumapili. Akina mama walifunga Ijumaa kwa ajili yake, wale ambao maisha yao ni kufunga tayari. Na mawe yakabaki pale mtoni, kiunoni.

Baraza likabadilishwa kabla ya mvua. Waziri wetu akapelekwa wizara nyingine isiyo na tingatinga hata moja. Niliandika maelezo kwa aliyekuja, nikaitaja ahadi ile juu kabisa. Akaniuliza iko kwenye bajeti? Nikasema haiko. Akaniuliza kama mtangulizi wake aliacha pesa mahali. Nikasema aliacha neno. Akafungua ukurasa uliofuata. Mbunge alipojaribu kuleta swali lile tena akaambiwa haliwezi kupokelewa, kwa kuwa limeshajibiwa.

Mvua ya mwaka ule ilikuja kwa hasira baada ya ukame mrefu. Mto uliushika ukuta ule wa nusu na kuung'oa, maana ukuta wa namna ile ukiwa haujamalizika hauzuii maji, unayachokoza tu. Silanga nayo ilijaa usiku mmoja, na kwa kuwa haikuwa na njia ya kutolea maji, ikapasuka upande wa chini na kumwaga yote, na shamba la mtama la Nduku likaenda nayo. Kiangazi kilipofika hawakuwa na ukuta wala silanga. Nduku akahamia kwa binti yake Athi River. Wengine wakamlaumu Syombua, kwamba ndiye aliyesema wangoje. Mwethya ikafa. Hakuna aliyeivunja, ila Alhamisi moja, siku yao ya kazi, walikuja wachache, na iliyofuata hakuja mtu. Mnasikia watu wakisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kule iliumiza zaidi ya matumbo.

Nimewaza sana jambo hili tangu nirudi nyumbani, nikipalilia ndengu zangu. Waziri mwongo ningejua la kumfanya, maana tulifundishwa. Huyu alisema kutoka moyoni, na neno lake likawaangusha watu ambao karatasi yangu kali ingewaacha wamesimama. Nina hasira naye mpaka leo, na nikimwona kwenye televisheni bado nampenda kidogo. Sijui mtafanya nini na maneno haya. Mimi mwenyewe sijui nimefanya nayo nini.

Mwezi uliopita Mwende, mkaza mwana wa Syombua, alinipigia simu. Syombua amezeeka ghafla, miguu imevimba, hatoki mbali. Na lile pengo la minyaa halijazibwa hadi leo. Mbuzi wa majirani wanapita, wanamaliza kunde, na juzi mtu aliingia akabeba kuku. Kila Mwende akipanda minyaa, mama mkwe anaing'oa. "Anko, ni wewe tu anaweza kusikiza," akaniambia. "Mwambie hiyo mashine haikuji."

Nikaenda. Njiani nilikuwa naandaa jibu kichwani kama zamani, na nyuma yake nikabana majibu ya maswali ya nyongeza. Mwende alikuwa ameshakata matawi ya minyaa, ameyapanga kando ya pengo, na jembe liko tayari. Syombua alikuwa kwenye kiti mlangoni, uso umeelekea njia. Nikamsalimia, tukanywa chai, nikamwambia yote. Nilimwambia waziri yule hayuko tena wizara ile, hata aliyemfuata hayuko, mashine zile labda zimekwisha kuwa chuma chakavu, na hakuna mtu Nairobi anayeikumbuka silanga yake. Nilisema hapana kwa kila njia niliyofundishwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Nzioka. Siku ile wewe ulikuwa hapo karibu na yeye. Mimi nilikuwa mbali, huko juu. Uliona uso wake?"

"Niliuona."

"Alikuwa anatudanganya?"

Kati ya yote niliyoyaandaa, hilo halikuwemo. Nilimtazama Mwende, naye akanikazia macho nimalize kazi. Neno moja tu lingetosha, na boma lingezibwa jioni ile. Lakini dada yangu alikuwa ameuliza swali, na nilikuwa najua jibu lake.

"Hapana," nikasema. "Hakuwa anadanganya."

"Basi," akasema Syombua, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwita Mwende aondoe yale matawi, njia isije ikazibwa. Mwende hakusogea. Niliinuka nikayabeba mwenyewe hadi nyuma ya zizi, utomvu ukinitiririkia mikononi, na niliporudi dada yangu alikuwa bado anatazama njia.